Jumapili asubuhi ukiona tuktuk yangu imejaa watoto usiipungie mkono

Bwana Mhariri,

Naomba nafasi kwenye ukurasa wako wa barua. Najua mwataka barua fupi lakini hii ukiikatakata itapoteza maana, kwa hivyo kama nafasi hakuna bora usiiweke kabisa. Mimi ni dereva wa tuktuk hapa Malindi, mwaka wa saba huu niko barabarani, nimebeba bibi harusi, nimebeba mbuzi, nimebeba Waitaliano wamelewa hadi wakanilipa mara mbili (nikawarudishia, usicheke), na kwa miaka hiyo yote sijatukanwa kama ninavyotukanwa Jumapili asubuhi.

Kisa chenyewe ni hiki. Jumapili ya juzi, saa mbili na robo hivi, nimetoka nyumbani Maweni tuktuk imejaa pomoni, mama watoto yuko katikati amempakata kitinda mimba, wasichana wawili mmoja kulia mmoja kushoto, na kijana wangu nimembana hapa mbele kando yangu nusu ndani nusu nje, askari wa trafiki wanisamehe. Kufika kona ya kuelekea sokoni dada mmoja na sanduku kubwa la magurudumu akaingia barabarani kabisa akanipungia, uwanja wa ndege, haraka. Nikamwambia dada samahani leo sifanyi kazi. Akachungulia ndani akaona watoto na viatu vyao vinang'aa akaniuliza, "Kwani hao hawawezi kushuka wakangoja hapa?" Nikacheka, nilidhani ni utani, kumbe si utani. Kabla sijajibu jamaa mmoja wa bodaboda akadakia, "Muache huyo dada, huyo ni Mormoni, hao wanalipwa dola kwenda kanisani, hiyo mia yako ataifanyia nini." Watu wakacheka, mmoja akatoa simu akarekodi, jioni naletewa vidio kwenye grupu la WhatsApp la mtaa, mimi na shati jeupe na jasho, na chini yake maneno ambayo siwezi kuyaandika kwenye gazeti linalosomwa na wazee na watoto.

Dola! Ingekuwa dola si ningekuwa na tuktuk yangu mwenyewe badala ya kuendesha ya mtu nikampelekea hesabu kila jioni. Sasa nataka niwaeleze watu wa Malindi hizo dola nazipata vipi, tena nianzie Jumamosi jioni, manake Jumapili yetu inaanzia huko.

Sisi mnaotuita Wamormoni ni Wakristo, na Jumapili hatununui wala hatuuzi, ndivyo tulivyofundishwa kuhusu sabato, kwa hivyo chochote kitakachotakikana lazima kiwe ndani Jumamosi kabla hatujalala, petroli, tokeni za stima, mitungi ya maji, na boflo, yaani mkate. Boflo nitalirudia. Mahamri ya asubuhi tunayapata kwa Bi Mkubwa jirani yetu, yeye ni Mwislamu, mahamri yake na mbaazi za nazi yanajulikana mtaa mzima, na pale mwanzo alipoona kila Jumapili sipiti kununua akadhani nimemnunia. Nikamueleza. Akafikiri kidogo akaniambia basi wewe lipa Jumamosi, mimi nitayaleta Jumapili, hapo utakuwa umenunua lini? Mke wangu anasema hiyo ni hila, mimi nasema ni akili, na mahamri tunayala wote, na yeye akiwemo.

Isipokuwa Jumapili ya kwanza ya mwezi. Hiyo tunafunga, milo miwili tunaiacha na maji pia, na ile pesa ya chakula tunaitoa isaidie wasiojiweza. Watoto wadogo hawalazimishwi. Bi Mkubwa aliposikia akauliza, "Kumbe nanyi mna Ramadhani, tena ya kila mwezi?" na tangu siku hiyo Jumapili ya kwanza jiko lake la mahamri analihamishia upande wa pili wa nyumba ili harufu isitufikie, wala hakuna aliyemuomba.

Haya, alfajiri. Saa yetu ya kuamkia ni adhana, sina haja ya kutega simu. Ikilia tu mke wangu ashakaa kitako anahesabu kichwani, naona midomo yake ikicheza, maji, pasi, nywele, karatasi, boflo, mtoto. Mfereji wetu una siku zake na Jumapili si siku yake, kwa hivyo tunaoga kwa mitungi, watu sita mitungi minne na mmoja ni wa jikoni usiguswe. Kuna ubishi wa miaka nani aoge mwanzo. Mimi nasema mdogo atangulie, mke wangu anasema mdogo awe wa mwisho kabisa, na yeye ndiye mwenye haki manake kitinda mimba wetu ana miaka 3 na ukimuogesha saa kumi na mbili, saa moja utamkuta kwenye banda la kuku amekaa na kuku wenyewe wameshamzoea. Na saa mbili na nusu lazima tuwe tumekaa kwenye viti, wimbo wa kufungua haungoji mtu.

Sasa shati. Kijana wangu ana miaka 12, mwaka huu Januari akaanza kuwa shemasi, kwetu mvulana anaanza mwaka ule anaofikisha 12, na kazi yake ni kupitisha sakramenti, yaani mkate uliomegwa vipande na maji kwenye vikombe vidogo. Ndio, maji, si divai, na vijana wa miaka 16 ndio wanaoomba baraka na hawa wadogo wanapitisha safu kwa safu. Shati jeupe analo moja, la shule ndilo hilo hilo la kanisani, na si mnajua masika yalivyo, limefuliwa Jumamosi mchana, mvua ikapiga, likaingizwa ndani, likatolewa, mvua tena, hadi alfajiri mabega bado yameloa na stima imepotea. Pasi ya makaa tunayo ila makaa yenyewe yamelowa yanatoa moshi tu. Hapo ndipo nikaja na wazo langu. Injini ya tuktuk iko nyuma, na mimi nilikuwa nimeiwasha muda ili nihakikishe haitanisumbua, kifuniko kimepata joto zuri, nikalitandaza shati pale nikasema dakika kumi tu. Na kweli likakauka. Nilipolitoa kulikuwa na doa la oili kifuani, duara kama sarafu ya shilingi ishirini, jeusi tititi. Mama watoto alilitazama lile doa halafu akanitazama mimi, hakusema kitu, akaingia ndani. Wanaume wenye ndoa wanaelewa. Nikajaribu sabuni likapanuka. Mwisho nikavua tai yangu, ninayo moja, nikamfunga kijana, nikaishusha chini kidogo hadi ikafunika doa, nikamuonya usiiname, ukiinama inaning'inia na doa linatoka nje, wewe pitisha trei umesimama wima kama askari jeshi. Kwa hivyo kwenye ile vidio mkaniuliza mbona Mormoni hana tai, jibu ndilo hilo.

Kifungua mimba naye ana miaka 14 na Jumapili hiyo alikuwa ameombwa kuhutubu dakika tano. Hapa nieleze kitu ambacho watu wengi hawakijui. Kwetu hakuna mchungaji wa kuhubiri kila wiki, wanaohubiri ni sisi sisi, unapigiwa simu wiki mbili kabla unaambiwa utazungumza dakika kadhaa juu ya jambo fulani, leo fundi wa kushona, wiki ijayo mwanafunzi, wiki ile nyingine mimi dereva nasimama natetemeka magoti. Na rais wa tawi anayetuongoza ni mtu wa kazi zake, anatengeneza mafriji, hapati mshahara wa kanisa, akimaliza uongozi wake ataitwa mwingine na yeye arudi kukaa na sisi kwenye viti vya plastiki. Sasa niambieni, kama kiongozi mwenyewe hapati, mimi wa tuktuk dola zangu zinapitia mlango gani?

Basi binti aliandika hotuba yake kwenye karatasi ya daftari, juu ya Joseph Smith, mwanzilishi wa kanisa letu. Aliichagua kwa sababu mwaka 1820 huyo Joseph alipokwenda msituni kule New York kuomba aambiwe kanisa la kweli ni lipi alikuwa na miaka 14 kama yeye, miaka kumi baadaye, tarehe 6 Aprili 1830, kanisa likaanzishwa, na Kitabu cha Mormoni, andiko letu tunalolisoma pamoja na Biblia, kikawa kimeshachapishwa mwezi kabla. Hayo yote kaandika vizuri kwa mkono wake. Saa moja na nusu karatasi haionekani. Tukainua magodoro. Tukatafuta chini ya kabati, ndani ya Biblia, kwenye mkoba wa mama. Kumbe kitinda mimba kaipata kitambo akamuomba dada yake wa pili amtengenezee jahazi, na jahazi likatengenezwa vizuri sana na tanga lake, liko kwenye beseni la maji ya kuogea linaelea na wino wote umemwagika. Kifungua mimba akalia. Yule wa pili naye, wa miaka 7, akalia kwa sababu anatimiza 8 karibuni na atabatizwa (kwetu mtoto habatizwi kabla ya miaka 8), akasema sasa sitabatizwa tena nimeharibu neno la Mungu. Mama yao huku anasuka mmoja huku anafuta mwingine kamasi. Mimi niko nje nafuta viti vya tuktuk, jana yake nilikuwa nimebeba samaki wa Ngomeni na harufu haikutaka kutoka, nikapaka limau, sasa tunanuka samaki wa limau.

Na boflo je? Zamu ya kuleta mkate wa sakramenti ilikuwa ya kwetu. Nimelinunua Jumamosi, nimeliweka juu ya kabati, nimemwambia kila mtu hili haliguswi. Saa mbili kasoro robo mke wangu analishusha, jepesi. Limebaki ganda upande mmoja na hewa. Tukauliza, kimya, halafu shemasi mwenyewe akainamisha kichwa (na doa likatoka nje), akasema usiku alisikia njaa. Shemasi! Aliyepewa kazi ya kupitisha mkate ndiye aliyeumaliza. Nilitaka kukasirika lakini kicheko kilinishinda na mke wangu akakasirikia kicheko changu.

Duka liko hatua ishirini kutoka mlangoni na limefunguliwa. Mtu ambaye si wa kwetu atasema si uende tu, ni mkate wa Mungu huo. Lakini ukianza na mkate utamaliza na nini, mimi najijua. Tukiwa tumesimama pale tunatazamana Bi Mkubwa akachungulia ukutani, kelele zilimfikia, akauliza, "Kwani leo mwahama?" Mke wangu akamueleza. Yule mama akaingia ndani akatoka na boflo zima limefungwa kwenye gazeti, gazeti lako hili hili Mhariri. Nikamwambia Bi Mkubwa nitakulipa kesho. Akaniambia, "Nimekuuzia? Nimekupa. Shika njia, watoto wachelewa." Jumatatu nilimpeleka kliniki ya macho nikamrudisha nikakataa hata shilingi yake, tukawa tumelingana, ingawa mke wangu anasema hatujalingana bado.

Kwa hivyo ndugu wasomaji, hii ndiyo tuktuk iliyofika kona ya sokoni saa mbili na robo. Ndani kuna shati lenye doa, hotuba iliyogeuka jahazi, na boflo la Mwislamu linalokwenda kumegwa kwenye sakramenti ya Wakristo. Hao ndio dada alitaka washuke wangoje.

Tena niseme kitu kingine cha biashara ambacho madereva wenzangu watakithibitisha. Jumapili asubuhi ndio tamu kuliko zote. Ijumaa saa sita nabeba watu wa kwenda msikitini, Jumamosi nabeba Wasabato, wanalipa vizuri na hawachelewi, na Jumapili kanisa zote zilizobaki mji mzima zinataka tuktuk saa hiyo hiyo moja, wamevaa nguo nyeupe hawataki tope, hawabishani bei. Mimi saa hiyo nimeegesha. Mwenye tuktuk alipojua alikasirika, anataka hesabu ya siku saba kama wenzangu, tukazungumza wiki nzima hadi akakubali siku sita lakini ile ya Jumamosi nimuongezee kidogo. Na katika kile kinachobaki natoa zaka, asilimia 10. Usiku wa Jumamosi namwaga sarafu kitandani nahesabu. Sasa nani anamlipa nani hapo?

Kuna siku nilibeba lakini, nisijifanye malaika. Mwaka jana, Jumapili vile vile, tumefika nusu ya njia tukamkuta mama amekaa chini kando ya barabara ameshika mti, mumewe anazunguka tu kama kuku, uchungu umemshika na hakuna gari. Mke wangu hakuniuliza, alishuka na watoto wote wanne kwenye vumbi na viatu vyao vya kanisani, nikampakia yule mama tukakimbia hospitali. Mumewe akanipa mia tano nikakataa. Kanisani nilifika mkutano wa sakramenti umekwisha, wako kwenye madarasa, na wanangu walifika kwa miguu wamevaa vumbi hadi magotini. Luka 14 Yesu anawauliza watu, ng'ombe wako au punda wako akitumbukia kisimani siku ya sabato si utamtoa hapo hapo? Mimi na mke wangu tumeujadili sana huu mstari, manake yeye anasema hata mtu anayechelewa ndege ni ng'ombe kisimani, mimi nasema hapana, huyo ni ng'ombe aliyelala akaamka saa mbili. Hatujakubaliana hadi leo. Na kusema kweli mbele yenu, uso wa yule dada wa sanduku ulinikaa akilini wakati wote wa ibada.

Ibada yenyewe ni masaa mawili. Zamani yalikuwa matatu, mke wangu aliyakuta hayo akiwa msichana Mombasa, ilipofika Januari 2019 yakapunguzwa yakawa mawili ili hiyo saa nyingine watu wasome maandiko nyumbani na watoto wao. Binti yangu alisimama bila karatasi, akazungumza kama dakika mbili hivi badala ya tano, akasahau mwaka, akamalizia kwa jina la Yesu Kristo amina akakimbia kukaa. Kijana alipitisha trei wima kama nilivyomwambia, hadi alipofika kwa mzee mmoja mfupi aliyekaa safu ya mwisho, ikabidi ainame. Mzee aliliona doa. Akachukua mkate akanyamaza.

Niguse na haya mengine upesi manake ndiyo mnayoniuliza steji. Jina tunalotaka ni Kanisa la Yesu Kristo la Watakatifu wa Siku za Mwisho, na mwaka 2018 rais wa kanisa wakati huo, Russell M. Nelson, alituomba tuache kujiita Mormoni, lakini mimi nikisema jina lote hilo kwenye tuktuk abiria anafika anakoshuka sijamaliza, kwa hivyo kwenye barua hii nimetumia lenu. Makao makuu yako Salt Lake City Marekani, kweli, ila zaidi ya nusu ya waumini wako nje ya Marekani, na hapa Kenya tumetambuliwa rasmi tangu 1991. Wale vijana wawili wawili wenye mashati meupe na beji kifuani ni wamisionari wetu, si Waitaliano, watoto wacheni kuwapigia kelele "ciao", kuna mmoja alizoea hadi akawa anaitikia.

Wake wengi? Mume wa Bi Mkubwa hunitania sana kwa hilo, yeye anao wawili, ananiambia wewe dini yako ndiyo inayosifika na mimi ndiye ninayetenda. Kanisa lilitangaza kuacha mwaka 1890, na leo ukioa wa pili unatolewa. Chai na kahawa, hapana, hata pombe na tumbaku, agizo la tangu 1833, sisi tunaliita Neno la Hekima. Pombe haikunisumbua, ila kahawa tungu, ile ya barazani na kipande cha haluwa jioni, hiyo niliilia machozi, mpaka leo muuza kahawa akipita anagonganisha vikombe vyake nageuza uso. Nyumbani tunakunywa mchaichai na maziwa ya tangawizi.

La mwisho kwenye hayo ni lile mjomba wangu alinitupia mbele za watu. Tulikuwa kwenye mahanga kijijini, kata ya pombe ya mnazi ikanifikia nikaipitisha bila kunywa, mjomba akaona nimemdharau marehemu na yeye pia, akasema, "Unakataa mnazi wa babu zako kwa ajili ya watu waliomkataa mtu mweusi?" Pakawa kimya. Ni kweli, siifichi. Kwa zaidi ya miaka mia moja, hadi Juni 1978, mwanamume mweusi hakupewa ukuhani kwenye kanisa letu, na ushemasi ni sehemu ya ukuhani huo. Hilo lilinisumbua kabla sijabatizwa na bado siku nyingine linanisumbua, na nikimtazama kijana wangu wa miaka 12 amebeba trei mbele ya watu najua kuna wakati asingeruhusiwa. Mjomba nilimjibu kwamba mimi nimeingia mlango ukiwa wazi. Akasema jibu zuri lakini kunywa. Sikunywa. Tumeshapatana, Desemba nilimbebea magunia yake ya mahindi bure.

Tukirudi kwenye dola. Juu ya lile kabati la boflo kuna kopo la maziwa ya unga, tumelitoboa juu, kila wiki tunatia kitu, wakati mwingine hamsini wakati mwingine mia mbili. Hekalu la Nairobi lilifunguliwa 2025, kabla ya hapo watu wa Kenya walikuwa wanasafiri hadi Johannesburg, na mimi na mama watoto tunataka tukafungishwe ndoa yetu pale iwe ya milele na watoto wetu wakiwepo. Nauli ya basi ya watu sita Malindi hadi Nairobi, kwenda na kurudi, na pa kulala. Kopo limefika nusu. Yeyote mwenye habari za mahali dola zinapogawiwa aje anionyeshe, kopo liko tayari.

Ombi langu kwa watu wa Malindi basi. Ukiwa na safari ya Jumapili asubuhi nipigie Jumamosi. Mimi nina mwenzangu, Mwislamu, tumepatana, Ijumaa kuanzia saa sita hadi saa nane wateja wake nawabeba mimi, na Jumapili hadi saa saba wangu anawabeba yeye, na hatudaiani. Hata usiponipigia Jumamosi, ukanikuta barabarani, niulize tu kwa ustaarabu nitampigia yeye hapo hapo. Kupiga simu si kuuza.

Na wewe dada wa sanduku, kama unaisoma hii. Ile tuktuk ya kijani iliyotokea dakika nne baadaye haikutokea yenyewe. Ni ya huyo mwenzangu, nilimpigia nikiwa bado naonekana, wewe ulikuwa umeshanipa mgongo. Aliniambia ndege uliipata, nikafurahi kwa kweli. Lakini anasema ulipoteremka ulikuwa na haraka ukamlipia wewe mwenyewe na sanduku hukulilipia, unadaiwa hamsini. Anapatikana steji, muulizie dereva wa tuktuk ya kijani, usije kwangu, mimi Jumapili sipokei pesa.

Dereva wa tuktuk,
Maweni, Malindi